Mbwa Aliyeshindwa Kumeza

Mbwa akianza kuugua, kitu cha kwanza kubadilika ni mahali anapolala. Hakuna aliyenifundisha hili. Nililijua nikiwa nimechelewa, Isiolo, mwishoni mwa miaka ya sabini, na tangu wakati huo sijawahi kufuga mbwa bila kujua kila asubuhi amelala wapi. Watu hunicheka. Mume wangu alikuwa akisema kwamba yeye anaweza kulala juu ya paa na mimi nisiulize, lakini mbwa akihama kutoka mlangoni kwenda nyuma ya choo, nyumba nzima itaamshwa.

Tulikuwa tumehamia huko kutoka Meru, mimi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu karani wa serikali. Tulikuwa na mtoto mmoja tu wakati huo, msichana wa miaka mitano. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Wabera, yenye ua wa matawi ya miiba, na hatukuwa tumemaliza mwaka pale askari mmoja aliyekuwa anahamishwa kutoka kambini akatuachia mbwa wake. Jina la huyo mbwa silitaji. Askari alikuwa amempa jina la mwanasiasa aliyekuwa mkubwa siku hizo, na sisi tulilazimika kumwita kwa sauti ya chini.

Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, masikio yamesimama, mwenye bidii kupita kiasi. Asubuhi alimsindikiza mume wangu hadi kwenye kona ya msikiti, akarudi, akanisindikiza mimi hadi shuleni, akarudi tena kulala mlangoni. Jumamosi alifuata baiskeli mpaka Burat, ambako mume wangu alikuwa amekodi kipande cha shamba karibu na mfereji akapanda vitunguu. Siku moja alirudi kutoka huko na kidonda kidogo mdomoni. Mume wangu alisema ni mwiba. Mimi nilikitazama, nikasema ni mwiba. Kilipona haraka na tukasahau.

Lazima niseme kwamba nilijiona mjuzi. Baba yangu alifuga ng'ombe wa maziwa, na kwetu mtoto alijua kumsoma ng'ombe kabla ya kujua kusoma kitabu. Unatazama pua kama ina unyevu. Unashika masikio kama ni baridi. Unatazama kinyesi, unasikiliza kama anacheua. Nilipopata mbwa nilimchukulia kuwa ng'ombe mdogo asiyecheua, na mwanzoni hilo lilinitosha. Mwaka wa kwanza alikonda ghafla, akakataa ugali, akawa akisimama anatetemeka miguu ya nyuma. Nilimfunua mdomo nikaona fizi zimepauka, hazina damu kabisa. Nilipekua nyuma ya masikio na katikati ya vidole, nikakuta kupe wamejaa. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akikagua ng'ombe wanaosubiri kusafirishwa nje kidogo ya mji. Alimdunga sindano, akanipa dawa ya kuogeshea, na mbwa akapona. Daktari akaniambia, "Mwalimu, wewe ungekuwa daktari." Sentensi hiyo iliniharibu. Kwa miezi mingi baadaye sikuacha kuirudia mbele za watu.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ua alikuwa mama mmoja Mborana, mjane, mfanyabiashara wa mbuzi. Binti yangu alimwita akoo, yaani nyanya, kama wajukuu wake walivyomwita, na mimi nilimwita mama. Alikuwa Mwislamu wa kushika dini sana, na kwake mate ya mbwa yalikuwa najisi. Lakini hakumchukia mbwa. Kulikuwa na jiwe bapa nje ya ua, na hapo ndipo alipomwekea mabaki ya nyama na mifupa, akirudi nyuma kabla mbwa hajafika. Mbwa mkavu akimpitia karibu hakujali. Mbwa mwenye majimaji mdomoni alimfanya akusanye nguo yake na kuruka kando, mama mzima wa miaka sitini. Akiguswa na mate, aliosha mara saba, na mara moja kati ya hizo aliosha kwa mchanga. Alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa mchanga safi aliouchekecha mwenyewe, ukikaa kando ya mlango wake na birika la maji juu.

Binti yangu alishinda kwake kila siku akicheza na wajukuu. Hilo lilinipa wasiwasi. Sisi tulikuwa wageni, Wakristo tena, na niliona haya mtoto wangu kuingia katika nyumba ile safi akinuka mbwa. Kwa hiyo nilimwambia, na nilimwambia kwa mdomo wa mwalimu wa siku zile, aliyekuwa na kiboko darasani na hakuona ubaya wake: "Nikikuona umelambwa na mbwa, nitakuchapa mpaka usahau jina lako." Nilimchapa kweli mara mbili. Baada ya hapo sikumwona akilambwa tena, nikahesabu kwamba somo limeingia.

Basi Jumatatu moja mbwa hakunisindikiza shuleni. Nilimkuta amelala nyuma ya pipa la maji, kwenye kivuli, mahali ambapo hakuwahi kulala. Nilimwita, akatikisa mkia kidogo, akabaki palepale. Pua ilikuwa na unyevu, masikio hayakuwa na joto, nikaenda zangu kazini. Jioni alibweka mtu alipopita njiani, na mume wangu akacheka akasema mbwa amepata mafua, maana sauti ilikuwa nzito na ilikatika katikati. Nikacheka pia.

Jumanne asubuhi nilimwekea maji. Aliyasogelea, akatumbukiza mdomo, akasimama hivyo kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa, maji yalikuwa yaleyale. Hakuwa mkali, wala hakukimbia huku na huko. Sote tulijua mbwa mwenye kichaa anavyokuwa. Anatokwa na povu, anakimbia moja kwa moja, anauma hata gurudumu la gari. Wetu alikuwa mpole kuliko siku zote, na alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba msaada.

Mama jirani alisimama upande wake wa ua. Hakuja karibu.

"Salaam aleikum, mwalimu. Hii mbwa yako inatoa maji mdomo."

"Ni joto, mama."

"Joto iko kila siku. Mimi naangalia hii mbwa kila siku, wewe unajua. Mdomo yake ilikuwa inafunga. Sasa haifungi. Jana haikufunga, leo haikufunga."

Nilitazama vizuri, na alikuwa amesema kweli. Taya la chini lilikuwa limelegea, ulimi unaning'inia, na udenda unashuka kwa nyuzi ndefu mpaka kifuani. Palepale nilipata jibu langu, na lilikuwa jibu la mtoto wa mfugaji. Ng'ombe akisimama hivyo, mdomo wazi, udenda unatoka na hamezi, amekwamwa na kitu kooni. Jumapili mama jirani alikuwa amepata wageni, akachinja mbuzi, na jiwe bapa lilikuwa limejaa mifupa.

"Ni mifupa yako, mama," nilimwambia. "Mifupa yako ndiyo imemkwama."

Sikusema kwa sauti ya chini. Alivuta mtandio wake, akaingia ndani. Nilijua nimemuumiza, lakini nilikuwa na haraka ya kuonyesha udaktari wangu.

Kwetu mnyama aliyekwamwa hunyweshwa mafuta kwa chupa ya soda. Unamshika kichwa katikati ya mapaja, unainua shingo, unapitisha mkono kando ya mdomo na kuvuta ulimi, kisha unaingiza shingo ya chupa kwenye pembe ya shavu. Nimefanya hivyo kwa ng'ombe tangu nikiwa na miaka kumi. Niliyeyusha mafuta ya kupikia, nikayaacha yapoe, nikamfanyia mbwa hivyohivyo. Hakushindana nami. Mafuta yote yalirudi na udenda juu ya mikono yangu. Nikaweka chupa chini, nikaingiza vidole kooni kutafuta mfupa. Nilitafuta kwa muda mrefu. Hakukuwa na mfupa. Nilipotoa mkono, jino lilinikwaruza kwenye kifundo cha kidole cha pili, alama ndogo ambayo haikutoa hata tone zima la damu.

"Mwalimu! Osha!"

Mama jirani alikuwa ametoka tena na alikuwa ananitazama kwa hofu.

"Nitaosha, mama."

"Osha sasa! Mara saba! Ngoja nikuletee mchanga."

"Mimi si Mwislamu, mama."

"Na mate ya mbwa inajua wewe si Mwislamu?"

Nilicheka. Nadhani nilikuwa natafuta njia ya kumuomba msamaha kwa yale ya mifupa, kwa hiyo nilimkubalia ili kumfurahisha. Alinimiminia maji kwa birika kutoka juu ya ua, akihesabu kwa Kiborana, na mimi nikasugua kwa sabuni ya kufulia, kisha mchanga wake, kisha sabuni tena, mpaka ngozi ikawaka. Nilifanya yote hayo nikiona ni adabu tu. Miaka mingi imepita, na kila daktari niliyemsimulia ameniambia kwamba pengine lile birika lilinifaa kuliko kitu kingine chochote nilichofanya siku hiyo.

Mume wangu alimpitia daktari wa mifugo alipotoka kazini, akaja naye Jumatano mchana. Nilimsubiri nikiwa na hadithi yangu tayari, ya mifupa na mafuta. Alifika mlangoni mwa ua, akamwona mbwa nyuma ya pipa, akasimama. Hakuingia. Mtu aliyekuwa akishika pembe za fahali kila siku alisimama nje ya ua wangu akishikilia mti wa mlango.

"Mwalimu, hiyo mbwa imekaa hivyo siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Sauti imebadilika?"

"Imebadilika."

"Inameza?"

"Haimezi. Nilitafuta mfupa sikuupata."

"Ulitafuta na nini?"

Nikamwonyesha mkono. Alivua kofia yake, akakuna kichwa. Kisha akatueleza, taratibu, kama mtu anayesoma orodha, kwamba kichaa cha mbwa kina sura mbili, na hii ya pili ndiyo inayoua watu wema, kwa sababu mbwa haumi mtu, anatulia tu, taya linalegea, na mwenye mbwa anaingiza mkono. Alisema ameona mzee mmoja Burat akifa kwa kumwonea mbwa huruma. Akauliza kama mbwa alipata kidonda miezi iliyopita. Mume wangu akasema ni mwiba. Daktari akasema huko shambani kuna bweha.

Mbwa alipigwa risasi jioni hiyo na askari aliyeletwa na daktari. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo. Alikuwa mbwa mzuri na alinitazama mpaka mwisho. Kichwa chake kilitiwa kwenye debe lenye barafu kikapelekwa Nairobi kuchunguzwa, na mimi nikaambiwa nisisubiri majibu. Kuna sindano kumi na nne, moja kila siku, za tumboni, kuzunguka kitovu. Ukianza mapema, unapona. Ukisubiri mpaka uanze kuogopa maji, hakuna mtu atakayekusaidia.

Kisha daktari akauliza, "Na mtoto?"

Nilimwita binti yangu. Nilimsimamisha mbele yetu, mimi, baba yake na yule daktari, nikamuuliza kama mbwa amemlamba wiki hii. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, nikamwambia aseme ukweli. Akasema hapana, hajanilamba, mimi sikai karibu na yeye. Alisema wazi, bila kupepesa macho, na nilimwamini. Zaidi ya hapo, niliona fahari. Nilimwambia daktari, "Huyu nilishamfundisha." Mume wangu akashusha pumzi. Tulikubaliana kwamba hakuna haja ya kumtesa mtoto mdogo kwa sindano kumi na nne za tumbo bure.

Tukiwa tunakula ugali usiku huo, mama jirani alibisha mlangoni. Hakuwahi kuingia kwetu kwa sababu ya mbwa. Siku hiyo aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai. Binti yangu alipomwona aliacha kula.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilimwahidi huyu mtoto kitu. Sasa navunja."

Binti yangu akaanza kulia kabla hata hajasikia kitu gani.

Mama akasema kwamba mtoto alikuwa akienda kwake kila alipolambwa. Alikuwa amemwona akoo akiosha kwa mchanga, akaelewa kwamba ukioshwa hivyo hakuna alama yoyote ya mbwa inayobaki, mama yako hawezi kujua. Basi kila siku alipita mlango wa nyuma, ananyoosha mikono, akoo anaosha mara saba, na wanakubaliana mwalimu asiambiwe. Mama alijua kila siku na kila mahali mtoto alipolambwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeosha. Jumamosi ilikuwa mikono. Jumatatu ilikuwa goti. Goti hilo mtoto alikuwa ameanguka nalo akiruka kamba, likachubuka, na mbwa akalilamba damu.

Nikamwinua gauni. Kidonda kilikuwa pale, bado kina unyevu pembeni.

Sijui niandike vipi nilivyohisi. Nilikuwa nimemuuliza mtoto swali la uhai wake, naye akanijibu kwa kunihesabu mimi kuwa hatari kubwa kuliko ugonjwa. Na hakukosea kwa kadiri ya alivyojua. Kichaa cha mbwa hakujua ni nini. Kiboko alikijua. Mume wangu aliinuka akaenda kusimama nje, na mama jirani akanishika bega, akasema, "Nimemwosha vizuri. Wallahi nimemwosha vizuri." Nikaanza kumwomba msamaha kwa ajili ya mifupa, akanizuia kwa mkono, akasema hayo tutaongea siku ingine.

Asubuhi yake tulikuwa hospitalini mlango ukifunguliwa. Dawa ilikuwa imeagizwa kwa mtu mmoja, na ya pili ilifika kwa basi siku iliyofuata ikiwa kwenye barafu, kwa hiyo nilimwachia binti yangu sindano ya kwanza na mimi nikaanza kesho yake. Kwa wiki mbili tuliendelea hivyo, kila asubuhi kabla ya shule, tukipita njia ileile na kukaa kwenye benchi lileile. Mimi nilipiga moyo konde siku ya kwanza, siku ya pili nikalia, na siku ya tano tumbo lilikuwa limevimba kiasi kwamba nilivaa kitenge badala ya sketi. Majibu ya Nairobi yalirudi tukiwa katikati. Yalikuwa yale tuliyoyaogopa. Daktari wa mifugo alikuja nyumbani kutuambia, akaweka kofia kwenye goti, na hakunisifia kitu safari hii.

Sote wawili tulipona, au tuseme hatukuugua. Binti yangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake.

Lakini kilichokuwa kinashangaza watu wakati ule ni kwamba yeye hakulia. Kumi na nne, na hakulia hata moja. Alipanda kitandani mwenyewe, akafunua tumbo mwenyewe, akakunja midomo, akatazama dari. Sista aliyekuwa akitudunga alimwita askari. Akina mama waliokuwa kwenye benchi na watoto wao wanaopiga mayowe walimwonyesha kwa kidole. Mimi nilijaa majivuno, sifichi. Nilisimulia walimu wenzangu shuleni kwamba mtoto wangu ana roho ngumu kuliko mimi.

Siku ya mwisho sista alimpa peremende. Alishuka kitandani, akaitia mfukoni bila kuifungua, tukatoka. Tulipofika barabarani alisimama akanivuta nguo.

"Mama, adhabu imeisha?"

"Adhabu gani?"

"Ya kulambwa."

Nilichuchumaa pale kando ya barabara, tumbo likiniuma, nikamwambia haikuwa adhabu, ilikuwa dawa, na mimi pia nilidungwa, si aliona? Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alinitazama kwa uvumilivu, vile alivyokuwa akimtazama mjukuu mdogo wa akoo aliposema uongo. Kisha akasema, "Sawa, mama," akanishika mkono tuvuke.